Filamu za Makala na Huruma ya Mtazamaji: Somo kutoka Bonde la Kilombero

Masika yakizidi, simu zetu hujaa video kutoka Ifakara. Mto Lumemo umeingia mitaani, mama amebeba godoro kichwani, watoto wamepanda juu ya meza. Aprili 2024 video hizo zilikuwa nyingi kiasi kwamba hata watu wasiojua Ifakara iko mkoa gani walikuwa wananiuliza kama nyumbani ni salama. Mimi ni mzaliwa wa bonde hili, kwa hiyo nilizitazama kwa jicho la mwenyeji, na kuna jambo nililoliona ambalo nataka tulijadili hapa kama somo. Video mbili za mafuriko yaleyale, mtaa uleule, zinaweza kukuacha na hisia mbili tofauti kabisa. Ya kwanza ukiiona unasema "masikini wee", halafu unasogeza skrini kutafuta kichekesho. Ya pili inakufanya uanze kuuliza wale watu wamehamia wapi, na kwa nini nyumba zilijengwa pale.

Tofauti hiyo haitokei kwa bahati. Kuna mtu ameitengeneza.

Filamu ya makala, au dokumentari kama wengi tunavyoiita, haibuni matukio. Inachagua. Kamera isimame wapi, nani aongee na kwa lugha gani, sauti ya nani ipite juu ya picha, kipi kitangulie na kipi kifuate. Na zaidi ya yote, jambo ambalo wengi wetu tunalisahau: mtazamaji aonyeshwe sababu gani ya tatizo. Watu hubishana sana kama filamu fulani ni "ya kweli" au "ya uongo". Ni swali la haki, lakini halitoshi. Picha zote zinaweza kuwa za kweli na bado filamu ikakufundisha kumdharau mtu unayemtazama.

Kwetu mambo haya si mageni. Kati ya mwaka 1935 na 1937, pale Vugiri kwenye milima ya Usambara, Waingereza waliendesha mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Walitengeneza filamu 35 za kuwafundisha Waafrika mambo ya kilimo, afya na kuweka akiba. Filamu yenyewe haikuwa na sauti. Maneno yalirekodiwa kwenye santuri na kupigwa pembeni. Yaani mkulima unamwona analima, lakini anayekueleza kwa nini analima vile ni mtu mwingine kabisa. Karibu miaka 90 imepita na video nyingi za miradi ya maendeleo bado zinakwenda hivyohivyo, ila santuri ndiyo imegeuka faili.

Tuanze na picha ambazo huenda ndizo zilizoleta huruma nyingi kuliko zote zilizowahi kupigwa Afrika Mashariki. Aliyezipiga ni mwenzetu. Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na kampuni yake ya Camerapix aliianzishia Dar. Oktoba 1984 alikwenda Korem, kaskazini mwa Ethiopia, pamoja na mwandishi wa BBC, Michael Buerk. Taarifa yao ilirushwa tarehe 23 Oktoba. Kamera inapita taratibu juu ya maelfu ya watu waliokaa chini alfajiri, kwenye ukungu na baridi, haina haraka, haikatizi. Kazi kubwa ilifanywa na ule utaratibu wa kamera. Mtazamaji wa Ulaya hakupewa nafasi ya kugeuza uso. Tarehe 13 Julai 1985 likafuata tamasha la Live Aid, London na Philadelphia kwa siku moja, na fedha zikachangwa ambazo kabla ya hapo hakuna aliyekuwa tayari kuzitoa.

Sasa angalia kilichobaki nje ya fremu. Kaskazini mwa Ethiopia kulikuwa na vita. Serikali ya Mengistu ilikuwa inapigana na waasi wa Tigray na Eritrea, na vita hivyo vilikuwa sehemu kubwa ya sababu ya chakula kutofika kwa watu. Picha zikawapa watazamaji wengi ukame, hawakuiona bunduki. Mtu akidhani njaa imeletwa na mawingu peke yake, atatuma unga. Akijua kuna mkono wa mtu, atauliza swali la pili. Simlaumu Amin hata kidogo; bila yeye wengi zaidi wangekufa kimyakimya. Ninachosema ni kwamba huruma ile ilikuwa nzito kuliko uelewa uliokuja nayo, na kwa miaka mingi baadaye waliotaka kuchangisha fedha waliiga uso wa mtoto mwenye njaa na kumwachia msimulizi aseme yaliyobaki.

Jambo hili la sababu iliyofichwa tunalo hapa bondeni, kwa umbo dogo. Ifakara inajulikana duniani kwa utafiti wa malaria. Maabara ya Waswisi iliyoanzishwa na Rudolf Geigy miaka ya 1950 ndiyo iliyozaa Taasisi ya Afya Ifakara ya leo, na mwishoni mwa miaka ya 1990 wilaya za Kilombero na Ulanga zilikuwa za mwanzo nchini kusambaziwa kwa wingi vyandarua vyenye dawa. Wazazi wetu wanakumbuka chandarua cha "Zuia Mbu". Kwa hiyo wageni wenye kamera hatukuwahi kuwakosa. Niliwahi kuona video fupi ya elimu ya afya, ya shirika ambalo sitalitaja, iliyopigwa kijiji kimoja cha huku. Nyumba moja, chandarua kimetundikwa vizuri, kitanda kitupu. Picha inayofuata ni mtoto ana homa. Msimulizi anasema jamii bado inahitaji elimu.

Mtu wa Kilombero anajua kitanda kile kwa nini ni kitupu. Msimu wa mpunga familia inahamia shambani, mbali na kijiji, inalala kwenye dungu kwa wiki au miezi, ikiwinga ndege mchana na kulinda nguruwe na viboko usiku. Dungu halina madirisha ya kuweka wavu, lingine halina hata kuta. Watu hupika nje na kukaa nje hadi usiku, na mbu hawangoji uingie kitandani. Video ile ingeongeza picha moja tu ya dungu, mtazamaji angeelewa kwamba anayemwona ni mzazi aliyelazimika kuchagua kati ya mbu na chakula cha mwaka mzima. Bila picha ile, akaonekana mzembe. Hakuna uongo hata mmoja kwenye video hiyo. Nilitazama na wenzangu wasiotoka huku na mmoja akasema, "Hawa watu nao, wamepewa neti na hawalalii." Wahenga walishasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini mwenzangu huyu alikuwa ameonyeshwa kitanda chenyewe na bado hakuona kunguni.

Sababu ikifichwa mtu huonekana mzembe. Kuna filamu nyingine ambazo mtu haonekani kabisa, au anaonekana kama mvamizi. Kwa Tanzania mfano wake mkubwa ni *Serengeti Shall Not Die* ya Bernhard Grzimek, ya mwaka 1959. Mwanaye Michael, waliyekuwa wakifanya naye kazi, alifariki kwa ajali ya ndege Januari mwaka huohuo, na filamu ikapata Oscar mwaka 1960. Ni filamu nzuri kuitazama, sikatai. Ndege inaruka juu ya nyumbu, na sisi watazamaji tunakuwa walezi wa nyumbu wale. Mwaka uleule wa 1959 Wamaasai walikuwa wanaondolewa Serengeti kupelekwa Ngorongoro. Ukiwa angani, boma la Mmaasai ni doa tu. Waitaliano waliotengeneza *Africa Addio* ya 1966 walikwenda mbali zaidi: walirusha ndege juu ya Zanzibar siku za mapinduzi ya 1964, wakapiga picha za maiti na za watu wanaokimbia pwani, halafu wakazisimulia kama ushahidi kwamba Afrika haijitawali. Ukimtazama mtu kutoka umbali huo hutajua jina lake wala alikuwa anamkimbia nani, na msimulizi anaweza kumbandika maneno yoyote.

Lete hili Kilombero. Bonde letu lilitambuliwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2002 kama ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Zaidi ya nusu ya maji ya Mto Rufiji yanatoka huku, na sheshe, yule swala wa majini, alikuwa na makundi makubwa hapa kuliko karibu sehemu nyingine yoyote. Halafu wakaja wafugaji na ng'ombe wengi, Wasukuma, Wamaasai, Wabarabaig, na wengi wao walikuwa wameondolewa au kusukumwa kutoka kwingine, yakiwemo maeneo ya hifadhi na mashamba makubwa. Mwishoni mwa 2012 ikafanyika operesheni ya kuwaondoa bondeni pamoja na mifugo yao.

Fikiria umepewa kazi ya kutengeneza filamu ya dakika 20 juu ya operesheni hiyo. Ukianza na sheshe anakunywa maji, kisha vumbi la ng'ombe 500, tayari umeshahukumu kabla mtu hajafungua mdomo. Ukianza na mzee wa Kisukuma anahesabu ng'ombe waliobaki, mkulima Mndamba ambaye mpunga wake ulilishwa ng'ombe usiku atakuja baadaye, na ataonekana mtu wa roho mbaya. Anayetangulia hupewa huruma; anayefuata huhojiwa. Na kwa kweli mimi, mjukuu wa wakulima, nikiachiwa mashine ya kuhariri najua nitaanza na nani. Ndiyo maana filamu ya mgogoro kama huu ingefaa ihaririwe na watu wawili wasiokubaliana. Najua inachosha. Lakini mgogoro wenyewe ulisababisha watu kuumizana, na kila upande ulikuwa na simu za kurekodi.

Sasa tuzungumzie "filamu ya mapanki", maana ndiyo Watanzania wengi wanaijua hata kama hawajaitazama. *Darwin's Nightmare* ya Hubert Sauper, raia wa Austria, ilitoka 2004. Inaonyesha Mwanza: sangara waliopandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, minofu inapelekwa Ulaya kwa ndege kubwa za mizigo, mapanki yanabaki kwa wenyeji, watoto wa mitaani, wanawake wanaojiuza kwa marubani. Na swali linalorudi kila mara: ndege hizi zikija kuchukua samaki, zinakuja zimebeba nini? Filamu inaelekeza kwenye silaha. Ilifika kwenye orodha ya walioteuliwa Oscar mwaka 2006, na mwaka huohuo Rais Jakaya Kikwete akaikemea hadharani, Mwanza watu wakaandamana kuipinga.

Wengi wetu tunaichambua kwa upande mmoja: ama Sauper alitutukana, ama serikali iliogopa ukweli. Mimi nadhani Sauper alikuwa hodari sana wa jambo moja. Anakaa na watu. Yupo mwanamke anayeimba wimbo wa kuisifu Tanzania mbele ya wateja wake wa kigeni, kamera imemkaribia, haina papara, na baadaye tunaambiwa ameuawa. Ukitoka hapo huwezi kumwita "changudoa" kirahisi tena. Hiyo ni kazi kubwa. Lakini ukihesabu watu wa Mwanza wanaoonekana wakiamua jambo, wakipanga, wakigombana na mwajiri, wakifungua duka, ni wachache mno. Mji mzima umeganda kwenye mateso. Mzungu akiitazama anajisikia hatia, na hatia ni hisia inayomhusu yeye mwenyewe. Mtu wa Mwanza akiitazama hajioni. Nadhani sehemu kubwa ya hasira ya 2006 ilitoka hapo, hata kwa watu ambao hawakuwa na haja ya kuitetea serikali.

Uganda walipitia la kwao. Machi 2012 video ya *Kony 2012* ya shirika la Invisible Children la Marekani, ya nusu saa hivi, ilitazamwa zaidi ya mara milioni 100 ndani ya wiki moja. Ni somo zuri la ufundi: baba Mmarekani anamweleza mwanaye mdogo Kony ni mtu mbaya, na sisi wote tunawekwa nafasi ya mtoto. Tarehe 13 mwezi huohuo ikaonyeshwa Lira, kaskazini mwa Uganda, kwa maelfu ya watu ambao vita vile viliwapitia wenyewe. Walitarajia kuiona hadithi yao. Wakamwona Mzungu na mwanaye, na uso wa Kony kwenye fulana na mabango. Watu walikasirika, mawe yakarushwa, na maonyesho mengine yakasitishwa. Wakati huo LRA ilikuwa imeshaondoka Uganda kwa miaka kadhaa. Mamilioni walihurumia na waliohurumiwa wakarusha mawe. Nikitaka kumweleza mtu tofauti ya kumhurumia mtu na kuhisi pamoja naye, huwa natumia kisa hicho.

Kuirudisha filamu kwa wenyewe, basi, ni kipimo kizuri. Mwaka jana kikundi cha wanafunzi wenzetu kilitengeneza filamu ya dakika 12 juu ya wakulima wa mpunga ng'ambo ya mto, na kabla ya kuikamilisha walirudi nayo kijijini. Mimi nilifuatana nao kusaidia wazee wanaopendelea kuongea Kipogoro. Shuka jeupe ukutani, projekta ya kuazima, jenereta linalounguruma kuliko spika. Dakika tano za mwanzo ni vicheko tu, watoto wanataja majina ya kila anayepita kwenye picha. Kisha ikafika sehemu ya mama mmoja anayelia shambani, maji yamemfika magotini, mpunga umelala.

Taa ziliporudi yule mama akasema, "Wanangu, asanteni. Ila mbona mimi nimelia tu? Siku ileile nilikwenda kwa shemeji nikapata mbegu, nikawaonyesha na kitalu. Kitalu kiko wapi?"

Kitalu walikuwa wamekirekodi, kipo kwenye kadi. Tukiwa njiani kurudi ubishi ukawa mkali. Mmoja alishikilia kwamba machozi ndiyo yanayogusa watu, kitalu kinapunguza makali, mfadhili akiona mtu ameshapata mbegu atasema hana shida. Hoja hiyo si ya kuipuuza, maana filamu nyingi zimeachwa bila kitalu kwa sababu hiyohiyo. Mwisho walikubaliana kuweka vyote: kilio kwa sekunde chache, halafu mama anapanda miche akieleza kwamba ile mbegu atailipa kwa gunia wakati wa mavuno. Filamu ilipoonyeshwa chuoni, hakuna aliyesema "masikini". Watu waliuliza: gunia la bei gani? Akikosa tena anapoteza nini, shamba? Wanafunzi wa uchumi wakaanza kupiga hesabu za riba pale pale ukumbini. Kwa mara ya kwanza nilisikia watu wa kampasi wanabishana juu ya mkopo wa mpunga kwa ukali uleule wanaobishania bumu.

Kuna babu naye alisema neno usiku ule. Filamu ilikuwa na picha za droni, nzuri sana, bonde lote kijani. "Shamba langu mmelitazama kwa juu, kama wapima ardhi." Kijijini kwake anayetazama kwa juu huwa anakuja kuweka mpaka, wa hifadhi au wa mwekezaji. Picha tuliyoiona sisi ya kupendeza, yeye ilimtia hofu. Walipunguza droni.

Wapo waliokwenda mbali zaidi ya kurudisha filamu, wakagawana kamera. *Thank You for the Rain* ya 2017 ilianza pale Julia Dahr, Mnorwe, alipomwachia kamera Kisilu Musya, mkulima wa ukambani, Kenya. Kisilu anarekodi familia yake, ukame, dhoruba inayobomoa nyumba yake, mikutano ya majirani, hadi anafika Paris kwenye mkutano wa tabianchi wa 2015. Tunamwona akichoka, akikosea, akimsumbua mkewe kwa safari zake za uanaharakati. Mtu anayejirekodi mwenyewe hawezi kugeuzwa sanamu ya mateso kirahisi. Nao Maia Lekow na Christopher King, katika *The Letter* ya 2019, walikaa miaka kadhaa na familia moja ya Kilifi ambayo bibi yao anatuhumiwa uchawi. Wangeweza kuwafanya vijana wanaomtuhumu kuwa mashetani. Wakaonyesha kwamba nyuma ya neno "mchawi" kuna shamba la kurithi, na bibi mwenyewe ni mtu jasiri, mwenye utani.

Nayasema haya sasa kwa sababu wengi wetu tunakwenda fildi, na kila mmoja ana simu inayorekodi vizuri kuliko kamera nyingi za zamani. Kuna ile tabia, tunaijua, ya kumkabidhi bibi kilo mbili za sukari huku mwenzako anarekodi, bibi anaambiwa arudie kupokea kwa sababu kidole kilifunika lenzi. Acheni, jamani. Zaidi ya aibu, tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika, kurekodi sura ya mtu na hali yake ya afya au umaskini na kuirusha bila ridhaa yake kunaweza kukuletea kesi. Shikamoo kwanza, eleza video inakwenda wapi, na umwonyeshe ulichorekodi kabla hujaondoka. Akisema futa, futa.

Kwa wanaokuja Kilombero: mtafika Julai au Agosti. Bonde litakuwa kavu, barabara inapitika, mpunga upo kwenye magunia, Mto Kilombero umetulia chini ya daraja. Ukirekodi unachokiona utatoa filamu ya watu wasio na shida. Muulize mwenyeji wako hapa paliposimama kamera palikuwaje mwezi wa tatu. Atakupeleka ukutani kukuonyesha alama ya maji ilipofika. Usikate picha hapo. Muulize walilala wapi usiku ule, walihamisha nini kwanza, nani aliwapokea, na mbegu ya msimu uliofuata ilitoka kwa nani.